Yohana Mazengo Yohana: babu au mjukuu?

Leo kikao cha ukoo, Chamwino. Karatasi ya manila ya kuchorea mti wa ukoo imebandikwa ukutani, na akina Yohana wameshafika watano.

Ukoo huu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake.
Sasa changanya na majina yetu matatu (lako, la baba, la babu):
Yohana Mazengo Yohana anamzaa Mazengo Yohana Mazengo.
Naye anamzaa… Yohana Mazengo Yohana!
Babu na mjukuu, majina yote matatu yale yale. Ngoja mirathi ije, mtaona moto.

Jina peke yake halitoshi. Kila mmoja apewe namba, halafu mwaka wa kuzaliwa, kijiji na jina la mama. La mama ndilo linalookoa zaidi, hasa babu akiwa na wake wawili.

Mwaka haujulikani? Wazee waulizwe: kabla au baada ya njaa ya Mtunya (1917–1920)? Uhuru 1961? Operesheni ya vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa?

Na mtoto akifariki mdogo, jina likaenda kwa anayemfuata, hao ni watu wawili. Msiwaunganishe!

Kwenu jina gani linazunguka? Mmefikisha wangapi?