Nani alikuwa anapika?

Leo mchana mvua imetufungia dukani, wateja hakuna, tukaanza kuongea. Bosi wangu ni Mhindi, dereva wetu Mnubi wa Bombo, mimi mtoto wa kambini, baba alikuwa askari, ndo maana hapa Jinja, Uganda, sisi watatu tunaelewana kwa Kiswahili.

Dereva akasema mke wake kapata kazi mjini na yeye kamkatalia. Nikajua bosi atamuunga mkono, maana nimekua nikisikia Wahindi na Wanubi wanafungia wanawake, iko kwenye damu, na mimi mwenyewe nimeyasema hayo sana tu.

Bosi akamwambia, mwache aende.

Mwaka 1972 Rais Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda, bosi alikuwa na miaka tisa. Kwao wakaenda Leicester, Uingereza, ingawa kaunsili ya kule ilishatoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kwamba wasije. Mama yake, ambaye hapa Jinja hata funguo za duka hakuwahi kuzishika, akaingia kiwandani kushona, baba akabaki nyumbani anasubiri kazi. "Mimi nilijua kusukuma chapati kabla sijajua njia ya shule," akasema, na mikono yake ikawa inasukuma pale juu ya kaunta, mzee mzima.

Dereva naye akasema hata wao 1979, Amin alipoangushwa, walikimbilia Sudan, mama alisuka vikapu akauza, ndo wakapata kula. Nikamuuliza, na kupika? "Dada zangu. Sisi wavulana tulikuwa tunangoja."

Basi nikadhani nimepata jibu, kumbe siyo rangi wala kabila, ni nani alishika sufuria akiwa mdogo. Lakini nikamkumbuka baba. Jeshini alipika posho ya watu wengi, alifua yunifomu yake mwenyewe, na nyumbani hajawahi kuosha hata kikombe, mama akiumwa tulikuwa tunaitwa sisi wasichana kutoka shule. Hilo bado linaniuma, na sijui nani alimfundisha kwamba kazi ileile ikivuka mlango inakuwa ya mwanamke.

Jioni tumemaliza kula, binti yangu kainuka na masahani kama kawaida, hakuna aliyemtuma. Kaka yake amekaa na rimoti. Ana miaka tisa. Nikamwita jikoni, akaja pole pole, akasimama mlangoni.

"Mama, kwani leo ni zamu yangu?"

Na hatujawahi kuwa na zamu.