Siku Moja Dukani Kariakoo: Kompyuta za Rangi na Vifaa Vyake vya Sare

Saa 12:30 asubuhi simu iliita nikiwa bado ndani ya mwendokasi, tumebanana kati ya Ubungo na Magomeni. Mteja wa Tegeta alitaka kompyuta ya mezani ya rangi ya waridi kwa ajili ya chumba chake cha kazi nyumbani, "na kibodi yake na kipanya chake, vyote waridi, dada, usinichanganyie." Hakuuliza kasi ya mashine wala ukubwa wa diski. Nilimwomba aje jioni, kwa kuwa jibu lake ni refu.

Saa 2 nilifungua duka na kupokea katoni ya seti za kibodi na kipanya kutoka Dubai. Ukaguzi wake hauna haraka. Kipokezi cha seti isiyotumia waya, kijidude kidogo kama ukucha, hufichwa ndani ya nafasi ya betri ya kipanya, na kwa kuwa hicho kimoja ndicho kinachohudumia vifaa vyote viwili, kikipotea seti nzima hubaki kuwa pambo. Baada ya kipokezi hutazama herufi, maana mzigo wa Dubai mara nyingine huja na herufi za Kiarabu kando ya zile za Kilatini, na mteja aliyekwisha kuipenda rangi hurudisha mkono mara azionapo. Mwisho hutoa kibodi na kipanya mlangoni penye jua na kuviweka pamoja, kwani waridi mbili za boksi moja huweza kupishana, na mnunuzi wa sare hasamehe jambo hilo. Kwake seti ni doti ya khanga, na vipande vya doti havipishani.

Kufikia saa 4 aliingia mama mmoja wa makamo, nikamwamkia, akaitikia na kunitambulisha kwa binti yake anayebuni kadi za harusi nyumbani. Walikuja kuangalia iMac, kompyuta ya mezani ya Apple, ya inchi 24 iliyotumika. Apple iliitangaza Aprili 2021 kwa rangi saba, yaani kijani, njano, chungwa, waridi, zambarau, bluu na fedha, ila toleo la bei ya chini lilipewa nne tu: bluu, kijani, waridi na fedha. Aliyetaka zambarau alilazimika kupanda daraja, hata kama kazi yake haikuhitaji nguvu ya ziada, na huo kwa maoni yangu ni ushuru wa rangi usioitwa ushuru. Binti alitaka zambarau. Mama alizunguka nyuma ya mashine, akaona rangi ilivyokolea kule, akarudi mbele ambako imefifishwa makusudi, kisha akauliza swali ambalo wauzaji wengi hawalipendi: "Sasa rangi yenyewe iko mgongoni, na sisi tutaiegemeza ukutani?"

Sikuwa na la kumpinga. Nilichoweza kuwaeleza ni kwamba mashine hiyo iliuzwa na kibodi, kipanya na hata waya wa umeme uliofumwa kwa rangi ileile, na kwamba kwa mashine iliyotumika vitu hivyo ndivyo vya kuhesabu kwanza. Baadaye mwaka huohuo Apple ilipoanza kuuza kibodi hizo peke yake, zilitoka za rangi ya fedha, zile za rangi nyingine zikabaki kuwa za ndani ya boksi. Kwa hiyo aliyepoteza ya zambarau hana dukani pa kuifuata. Waliondoka kwenda kushauriana na baba.

Saa 7, tukila wali na maharage, mzee jirani anayeuza printa alinikumbusha kwamba mambo haya si mapya. iMac ya kwanza ilianza kuuzwa Marekani Agosti 1998 kwa dola 1,299, ikiwa na plastiki ya bluu inayopitisha mwanga, na Januari 1999 bluu hiyo ikapisha rangi tano mpya. Watengenezaji wa vifaa walifuata mkumbo kwa printa na diski za nje za plastiki ya aina hiyo, tena zikitumia USB, kwa kuwa mashine ile iliziacha soketi za zamani. Lakini mwaka huo wa 1999 maduka ya Best Buy ya Marekani yaliacha kuiuza, kwa kuwa hayakukubali kuweka rangi zote tano. Mimi nawaelewa kabisa. Rangi inayoulizwa sana siyo lazima iwe inayolipiwa: waridi hupigwa picha siku nzima, bluu ndiyo hutoka, na chungwa hukaa rafuni mpaka boksi lipauke.

Mchana uliobaki ulikuwa wa vipanya vyeusi vya ofisini, risiti za EFD na bodaboda wawili waliopeleka mizigo Mbagala na Sinza.

Mteja wa Tegeta alifika saa 11. Nilimwonyesha skrini nyeupe, kompyuta ndogo nyeupe ya kufunga nyuma yake, kisha kibodi, kipanya na kitambaa cha kipanya vya waridi. Nyeupe huvumilia rangi yoyote, na siku akichoka na waridi atabadilisha vifaa vya bei nafuu bila kuigusa mashine. Alivipanga mezani, akavisogeza, akasogea nyuma kuvitazama, akauliza bei ya mwisho, tukapatana, akalipa kwa Lipa Namba.

Saa 2 usiku niliandika oda. Msambazaji hutuma katoni za mchanganyiko, idadi sawa kwa kila rangi, na hapo ndipo faida yangu inapoishia rafuni. Nimemwandikia kwamba safari hii nataka bluu na waridi tu, chungwa asinipakilie hata moja, na kama hawezi, basi apunguze bei ya katoni. Bado hajajibu.