Ukishindwa kumalizia salamu, punguza mwendo

Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na ushei. Mimi ni fundi cherehani, nashinda nimekaa kutwa nzima, na mara ya mwisho nilikimbia mchakamchaka wa shule ya msingi, kiranja yuko nyuma na fimbo. Kwa hiyo nilipojiandikisha Kilimanjaro Marathon, ile ya Moshi ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kilomita 21 kwangu zilikuwa umbali wa kulipia nauli.

Mbeya ni pagumu kuanzia. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ina oksijeni pungufu, na karibu kila barabara ama inapanda ama inashuka. Nilianza kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, na hiyo dakika moja ilikuwa ndefu. Vikundi vya jogging vya mtaani nilivikwepa. Ni vizuri kwa kuimba na kucheka, ila mwendo wao ni wa waliozoea, na mgeni akijikaza kuwafuata anaumwa ugoko wiki ya pili.

Kilichonipa mwendo wangu ni salamu. Alfajiri, kutoka Uyole kuelekea Igawilo, unakutana na akina mama wenye viazi na kabichi kichwani, na wazee wanaokwenda shamba. Huwezi kumpita mzee kimya, watu watakujadili. Siku moja bibi mmoja alinisimamisha kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nani anakukimbiza?"

"Hakuna bibi, ni mazoezi tu."

"Kama ni mazoezi, jembe hili hapa."

Tukacheka, nikaendelea. Lakini niligundua jambo: nikiweza kuitikia mpaka mwisho, za nyumbani, za watoto, za shamba, bila kukatika maneno, mwendo ni sahihi. Nikiishia kunyoosha mkono tu, nimezidisha. Hata walimu wa riadha ndivyo wanavyosema, kwamba anayeanza akimbie sehemu kubwa ya mazoezi akiwa anaweza kuongea. Moyo na misuli vinajengeka kwa mwendo huo, na kano za miguu, zile zinazounganisha misuli na mifupa, ambazo huzoea taratibu kuliko pumzi, zinapata nafasi ya kukomaa.

Septemba 2025 ilinisumbua kidogo. Mkimbiaji wetu Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani aliyeshika nafasi ya pili, na ghafla kila mteja akawa kocha. "Kimbia kama Simbu, mama!" Nilikuwa nawajibu kwamba Simbu naye alijibana na kundi akasubiri mpaka mita za mwisho.

Ratiba yenyewe haina maajabu. Jumanne na Alhamisi mbio fupi, Jumamosi mbio ndefu inayoongezeka kama kilomita moja hivi kwa wiki, na kila wiki ya nne napunguza ili mwili upumue. Ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 18, na si lazima ufikishe 21 kabla ya siku yenyewe. Umbali alinipimia mpwa wangu kwa mita ya bodaboda yake: mparachichi huu kilomita tatu, daraja lile tano.

Raba nilinunua za mtumba, Mwanjelwa, na hapo nilichukua muda. Nilikuwa nabonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiingia na kurudi, bado ina uhai. Ikiwa ngumu, naiacha hata kama kwa macho inang'aa. Mbele nikaacha nafasi ya upana wa kidole gumba, kwa sababu mguu huvimba ukikimbia muda mrefu. Na kwa vile ni fundi, sidiria ya mazoezi niliifumua, nikageuza mishono ikae nje. Penye kusuguana nikapaka mafuta ya mgando. Anayedharau hili asubiri kuoga baada ya kilomita kumi na tano.

Novemba mvua ikaanza, njia za vumbi zikawa utelezi, ikabidi nihamie pembeni mwa lami yenye malori ya Kasumulu, mpakani na Malawi. Nilivaa kizibao kinachoakisi mwanga na kukimbia upande wa kulia, gari linalokuja nikilitazama. Usiku wa kuamkia mbio ndefu nilikula wali wa Mbarali, asubuhi chai na kiazi, njiani ndizi mbivu na maji yenye sukari na chumvi kidogo.

Moshi iko chini ya mita 1,000, kwa hiyo pumzi ilikuwa nyingi, ila joto! Njia inatoka uwanja wa Ushirika, inapanda kuelekea Mweka, halafu inarudi chini. Kwenye kupanda nilijisikia niko nyumbani. Waliotoka kwa kasi walikuwa wanatembea, nami nawapita nikiwapa pole, na maneno yalikuwa yanatoka yote. Kushuka ndiko kulikonitafuna mapaja, maana misuli inafanya kazi ya breki huku inavutwa. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika arobaini na kitu.

Niliporudi Mbeya, cherehani yangu ya miguu sikuweza kuikanyaga. Nikamwachia binti ninayemfundisha, mimi nikakata vitambaa nimesimama. Mwaka huu nafanya na mazoezi ya kushuka: napanda bodaboda mpaka juu kwenye barabara ya Chunya, huko Kawetere, halafu nateremka mjini kwa miguu. Dereva bado anauliza kama nimeishiwa nauli ya kurudia.