Siku yangu moja: kuku, uwakala na bajaji baada ya kuacha benki

Saa 11 alfajiri nawasha taa bandani. Kuku wa mayai anataka mwanga masaa kama 16 kwa siku ndo atage vizuri, jua la Dar linatoa kama 12, kwahiyo yaliyobaki nayalipia mimi kwa LUKU, alfajiri kidogo na usiku mpaka saa 3. Ninao 320. Kuku mmoja anakula kama gramu 115, piga mwenyewe hesabu, ni karibu kilo 37 kila siku, iwe Idi, iwe msiba, iwe mvua imekata barabara. Chakula nachanganya mwenyewe maana ukinunua cha mfuko kila siku, mwisho wa mwezi unakuta kuku ndo wamekuajiri. Mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, premiksi (ule unga wa vitamini na madini) na chumvi kidogo. Vyote navimudu, ila vumbi la dagaa bwana, linaingia kwenye nywele na halitoki kwa shampuu ya aina yoyote.

Zamani nilikuwa afisa mikopo benki. Heshima ilikuwepo, suti, bima ya afya, watu wa ukoo wananiita "mtu wa benki" kwenye vikao vya harusi ili nichange zaidi. Lakini tarehe 20 ikifika tagiti, yaani lengo ulilopangiwa, haijajaa hulali, na mkopaji akiyeyuka Jumamosi yako inaishia Chanika unauliza majirani kama wamemwona. Nikaacha. Ndugu wengi wanajua nimepumzika, nipo tu nyumbani, ndo maana nikaona niandike siku moja tu ilivyo, jana, Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Saa 12 na nusu watoto shule, nimeoga, nimekunywa chai nimesimama. Saa 1 dereva wa bajaji kapiga.

"Shikamoo bosi."

Akianza na shikamoo ya kuvuta vile najua kuna kitu. Marahaba, sema. Tairi la nyuma limeisha, spea nayo imeisha. Kwa siku ananiletea hesabu elfu 20, tairi ni juu yangu, mafuta na pancha juu yake, ndo tulivyokubaliana na tumeandikishana. Nikamtumia hela ya tairi, nikamwambia anitumie picha ya risiti na ya tairi lenyewe likiwa limefungwa. Akacheka, "bosi wewe benki haijakutoka". Haijatoka kweli.

Saa 2 na nusu nafungua kibanda Mbezi, karibu na stendi ya mabasi ya mikoani. Natoa na kuweka pesa, laini za mitandao yote na mashine mbili za benki, nauza umeme, na kuna kafriji ka maji na aiskrimu za ubuyu. Hapa nieleze kidogo maana watu wanaona mabunda wanadhani tajiri. Ile pesa ni mtaji, na umegawanyika mara mbili, kashi iliyo kwenye droo na floti iliyo kwenye simu. Mtu akitoa, kashi inapungua floti inaongezeka, akiweka ni kinyume chake. Changu ni kamisheni tu, visenti. Sasa Ijumaa ya mwisho wa mwezi kila mtu anatoa, anasafiri, anapeleka hela kwao, kwahiyo kufika saa 4 droo imekauka na simu imejaa hela ambayo hakuna anayeitaka. Binti anayenisaidia anabaki kibandani, mimi nakimbia benki kubadilisha, foleni hiyo, narudi.

Narudi saa 5 kasoro nakuta baba mmoja ameshapiga kambi. Mtu mzima, ana kiroba cha mchele na begi, basi lake la Singida linatoka saa 6. Anatoa laki tatu na nusu. Binti kamwambia asubiri mimi. Haya, nikampa namba ya wakala, akabonyeza, akaweka namba ya siri huku ameikinga simu kwa kofia, meseji ikaingia kwake kwamba ametoa. Kwangu kimya. Naangalia salio, liko vilevile. Nikamwambia baba tusubiri kidogo, mtandao mzito leo. Dakika tano. Kumi. Akaanza, "dada hela imeshakatwa, hii hapa meseji, unataka nini tena?" Namwelewa kabisa, hela yake imetoka mfukoni na haijafika mkononi, lakini mimi meseji ya kwenye simu ya mteja siwezi kuilipa, mawakala wangapi wamelizwa na meseji za kutengeneza, unaona jina la mtandao, unaona kiasi, unahesabu noti unampa mtu, jioni unafunga hesabu hakuna kitu. Sheria yangu moja tu, salio langu halijasogea, droo haifunguki. Nikapiga huduma kwa wateja. Wimbo. Wimbo ule ule mpaka ukiisha unaanza upya. Baba kapandisha sauti sasa, bodaboda wamesogea, na bodaboda wakisogea jua kesi imeshahukumiwa, mmoja anasema mpeni mzee hela yake, mwingine anasema hawa mawakala ndo zao, nyuma yao kuna dada anataka umeme wa elfu tano tu anaulizia kama nahudumia au sihudumii, binti wangu anamhudumia huku mikono inamtetemeka, na simu nyingine inaita, ni muuza pumba yuko na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, getini kwangu hakuna wa kumfungulia. Nikampa baba kiti. Akakataa. Nikampa maji, akakataa, halafu akayanywa. Sasa nimeshakuwa "wewe mama", dada imeisha. Huduma kwa wateja wakapokea, wakaniuliza namba ya muamala, nikawasomea, wakasema unashughulikiwa, tusubiri. Tusubiri mpaka lini, basi linatoka saa 6! Sikumpandishia sauti hata mara moja, hilo najisifia, miaka ya kudai mikopo inafundisha kuongea taratibu na mtu anayekutukana.

Saa 6 kasoro dakika kumi meseji ikaingia, laki tatu na nusu na jina lake kamili. Nikamhesabia. Akazihesabu na yeye. Akazihesabu tena! Halafu akabeba kiroba, akasema "si ungenipa tu muda wote huo", akatoka mbio. Bodaboda wakatawanyika bila hata mmoja kusema chochote. Kamisheni ya muamala ule inatosha sahani ya wali maharage, na wali wangu wenyewe ulikuwa umeshapoa.

Mchana nikarudi nyumbani kwa bodaboda, nikashusha pumba pamoja na yule kijana wa kirikuu maana wa kwangu alikuwa ameenda kliniki, nikaokota mayai, nikayapanga. Trei nane na mayai kumi na tano. Hapo mgongo umeshaanza kuongea. Trei sita ni za wakaanga chipsi watatu, wote wanataka kabla ya jioni, wote wanataka kulipa kesho. Mmoja ana deni la wiki jana, nikasimama pembeni ya jiko lake nikasubiri auze sahani za kutosha, akanipa nusu yake. Nimezoea. Wakati nasubiri wakaja akina dada wa mikopo ya kausha damu na fulana zao, wananiambia mama chukua laki tano rejesho kila siku, dogodogo tu. Nikawauliza riba kwa mwezi ni asilimia ngapi. Wakasema siyo riba ni ada. Nikacheka peke yangu, kile kikaratasi chao ningekichambua mistari miwili tu wakakimbia ila sikuwa na nguvu.

Giza likaingia nikiwa kibandani tena, sikumbuki hata niliangalia saa. Foleni mpaka barabarani, kashi ikaisha tena, nikafunga. Dereva akaleta elfu 15, elfu tano anasema muda uliopotea kwa tairi. Nikaandika 15, na deni 5.

Nyumbani nikafunga daftari. Kashi jumlisha floti toa kamisheni lazima irudi kwenye mtaji ule ule wa asubuhi, ikipungua hata elfu moja siendi kulala. Ilikaa sawa. Kuku nao hesabu yao, chakula peke yake kinakula zaidi ya nusu ya kila ninachouza. Mshahara wa benki sijaufikia, lakini hakuna aliyenipigia kuniuliza tagiti.

Saa 4 kasoro, taa za bandani nimeshazima, geti linagongwa. Jirani. Umeme umemwishia, anaomba nimnunulie wa elfu mbili. Haya, namba ya mita? Hajaikariri, imeandikwa ukutani kwake na ndani giza.

Nikampa tochi yangu aende akasome.