Chombo kisicho na picha nacho kiingie kwenye ripoti

Kitu cha kwanza ninachokizima nikianza kupekua kanzidata ya makumbusho yoyote ni kile kichujio cha "zenye picha tu". Najua kinakaa kinyumenyume, maana ripoti ninazotengeneza ni za picha hasa: karatasi za A4, vyombo vinne vya muziki kwa ukurasa, maelezo mafupi chini ya kila kimoja. Lakini ukikiacha kichujio hicho tangu mwanzo, kuna vitu vinakatwa ambavyo hutajua kamwe kwamba vilikuwepo, na ripoti itatoka nzuri, safi, na ya uongo.

Wanaozisoma ni mafundi wa ala za asili pale Bagamoyo. Wengine wamerithi kazi kwa baba zao, wengine wamekulia katika mkondo aliouacha marehemu Hukwe Zawose, yule Mgogo wa Dodoma aliyezifikisha ilimba (ile ya vidole gumba) na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya, na akafia hapo hapo Bagamoyo mwaka 2003. Mzee mmoja wao aliwahi kuambiwa kwamba zeze za zamani kuliko zote anazozijua zimelala Ujerumani na Marekani. Akaniuliza kama kompyuta yangu inaweza kumwonyesha shingo zake zilivyochongwa. Mimi kazi yangu ni takwimu za ghala huku Dar, kutwa nzima ni SQL, lugha ya kuhoji kanzidata, na mizigo ya watu. Nikamwambia, mzee, niachie.

Kwa anayetaka kujaribu, Metropolitan Museum of Art ya New York (Met) ndiyo nyepesi kuanzia. Tangu Februari 2017 picha za kazi zisizobanwa na hakimiliki wameziachia kwa CC0, yaani unachapa, unakata, hata ukiuza huulizwi. Mwaka 2018 wakafungua API, yaani mlango wa programu kuvuta data, isiyodai ufunguo wala kujisajili. Wanachoomba ni usizidishe maombi 80 kwa sekunde, na kwa intaneti yangu hilo si jambo la kumnyima mtu usingizi.

Idara ya ala za muziki ni namba 18. Unatafuta hivi:

collectionapi.metmuseum.org/public/collection/v1/search?departmentId=18&q=Tanzania

Usitegemee kupata majina wala picha hapo. Unapewa jumla na orodha ya namba tu, kisha kwa kila namba unarudi tena kuomba /objects/ na namba yenyewe ndipo rekodi ikufungukie: jina, mahali, vipimo, aliyetoa, anwani za picha. Kuna mtego mdogo: kama hakuna kilichopatikana, objectIDs, ile orodha ya namba, haiji kama orodha tupu, inakuja null, yaani hakuna thamani, na programu ya Python inayojaribu kuizungukia itaanguka palepale. Weka `or []` mwishoni uendelee na maisha. Mtego mkubwa ni kwamba hiyo q inapekua rekodi nzima. Neno "Tanzania" likitajwa popote, hata kwenye maelezo ya chombo cha mbali kabisa, nacho kinakuja. Kwa hiyo mimi sichuji huko kwao. Navuta vyote, naviweka kwenye SQLite, kanzidata ndogo ya kwenye laptopu kwangu, halafu nahoji nikiwa nimekaa, hata bando likiisha.

Na majina ya mahali yanataka uvumilivu. Kitu kilichoondoka hapa kabla ya Vita ya Kwanza hakijui Tanzania ni nini. Kitakuwa chini ya "German East Africa", "Deutsch-Ostafrika", au "Zanzibar" tu, kwa sababu ndiko kilikopakiwa meli hata kama kilitoka Unyamwezi. Kilichoondoka baadaye ni "Tanganyika". Nina faili la maneno ya kutafuta, Kiingereza na Kijerumani, pamoja na majina ya makabila yalivyoandikwa zamani, na linarefuka kila wiki.

Sasa nije kwenye kiini. Chombo kimoja kinaweza kuwa na picha nane, kingine moja, kingine hakina hata moja. Kwa hiyo kwenye kanzidata yangu kuna meza mbili: vyombo, na picha. Ukiziunganisha kwa JOIN ya kawaida mambo mawili yanatokea kwa mpigo: chenye picha nane kinajitokeza mara nane kwenye ripoti, na kisicho na picha kinayeyuka. Programu hailalamiki. Swali limejibiwa, kurasa zimejaa. Swali ninalotumia ni hili:

SELECT v.namba, v.jina, v.mahali, v.mtoaji, p.faili
FROM vyombo v
LEFT JOIN picha p
ON p.chombo_id = v.id AND p.mpangilio = 1
ORDER BY v.aina, v.namba;

LEFT JOIN inasema: kila chombo kije, picha ikipatikana iambatane nacho. Hilo sharti la mpangilio = 1, linalochagua picha kuu, angalia lilipokaa. Liko kwenye ON. Ukilihamishia kwenye WHERE, kama mazoea yanavyomtuma mtu, vyombo visivyo na picha vinakatwa tena, kwa sababu kwao mpangilio ni NULL, na NULL haiwi sawa na 1 hata ubembeleze vipi. Umeandika LEFT JOIN, umepata JOIN. Nimeona ripoti za watu wazima zimeharibika hapo, na za ghala ndizo usiseme. (Na namba za usajili zikihifadhiwa kama maandishi, 89.4.1000 itatangulia 89.4.2. Zikate kwenye nukta upange kipande kwa kipande.)

Hata huko Met kwenyewe "ina picha" si neno la kuaminiwa moja kwa moja. Ukiomba hasImages=true unaweza kupata rekodi ambayo primaryImage yake, sehemu ya anwani ya picha kuu, ni nafasi tupu, kwa sababu picha ipo kwenye tovuti yao lakini haki hairuhusu kuigawa. Kwa hiyo natunza hali tatu: picha ninayo, picha ipo lakini siwezi kuichapa, picha haipo mtandaoni. Kwenye karatasi hali mbili za mwisho zinapata kisanduku cha kijivu chenye ukubwa uleule wa picha, ndani yake sababu, na chini yake maelezo yote kama kawaida.

Ripoti ya kwanza niliipeleka mwenyewe. Nikamkuta mzee uani, tezo mkononi, mbao za mninga zimemzunguka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Haya, walete tuwaone."

Akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kimya. Kisha: "Mbona wote wamekaa kama wanapigwa picha ya pasipoti?"

Ni kweli. Mpigapicha wa makumbusho anakiweka chombo wima, mandhari ya kijivu, taa pande zote, uso mbele. Fundi uso haumhusu. Mzee alitaka kisogo: ngozi imekazwa kwa vigingi au imeshonwa, shingo imetoboka mpaka upande wa pili wa kibuyu au imeishia ndani, kigingi cha kukazia waya kimeingia kwa pembe gani. Ndipo nilipoanza kuvuta na additionalImages, picha za ziada, badala ya picha kuu peke yake. Kwa chombo chenye picha nyingi sasa natoa ukurasa mzima, na ya mgongoni ndiyo naichapa kubwa.

Halafu akafika kwenye kisanduku cha kijivu. Nilidhani atakiruka. Akaniambia nimsomee. Nikasoma: kibuyu, mti, ngozi ya mtambaazi, urefu sentimita kadhaa. Akauliza urefu huo ni shubiri ngapi. Tukaipima shubiri yake kwa rula yangu, ikawa sentimita 22, nikagawanya. Akaweka mkono wake kwenye ubao uliokuwa mbele yake, akahesabu, akasema, "Hiyo ngozi ni ya kenge. Na kwa urefu huo nyuzi zake ni mbili, zikizidi shingo haibebi." Wenzake wawili waliokuwa pale wakaanza kumpinga kuhusu nyuzi, na ubishi huo ukachukua muda mrefu kuliko picha zote za rangi nilizoleta.

Tangu siku hiyo vipimo viko juu kabisa ya maelezo. Met wana sehemu ya dimensions ambayo ni maandishi ya kusomeka, na nyingine iitwayo measurements ambayo ni tarakimu za sentimita zilizotenganishwa, urefu peke yake, upana peke yake. Hiyo ya pili inakubali kuzidishwa na kugawanywa, basi programu inaandika sentimita na shubiri pamoja. Sijaona makumbusho nyingine duniani yenye ripoti ya namna hiyo, na najisifu.

Kupanga nilipata shida zaidi kuliko kuchora. Majina hayasaidii. Ukitafuta "zeze" unaletewa kile cha Wagogo kinachopigwa kwa upinde, na pia ule ubao mwembamba wenye kibuyu mgongoni na vituo vya kubonyezea waya, unaodonolewa kwa vidole. Vyombo viwili tofauti kabisa. Nikaangukia kwenye mpango wa kuainisha ala wa Hornbostel na Sachs wa mwaka 1914, ambao unaziba masikio kwa majina na kuangalia sauti inazaliwa wapi: kundi la 1 ni vinavyolia kwa mwili wao wenyewe, kama ilimba na njuga, la 2 vyenye ngozi iliyowambwa, la 3 vya nyuzi, la 4 vya pumzi. Zeze ya upinde inaingia 321, ile ya ubao 311, na hazigongani tena. MIMO, kanzidata ya pamoja ya makumbusho ya ala za muziki, inatumia mpango huohuo. Met wao wanaandika kwa maneno kwenye sehemu ya classification, nami nina meza ndogo ya kutafsiri maneno hayo kuwa namba.

Tarehe nazichapa mbili, ya umri na ya kuondoka, na naziwekea lebo kwa wino mzito, kwa sababu zinachanganya. Vyombo vingi vya Met namba zake zinaanza na 89.4, mkusanyiko wa Crosby Brown, na kila anayeisoma hiyo 89 kama 1889 anadhani ndiyo umri wa chombo. Huo ni mwaka unaohusu makumbusho. Kuhusu umri utakuta "karne ya 19", na ndani ya kanzidata hiyo inakuwa kuanzia 1800 hadi 1899, kwa hiyo ukipanga kwa mwaka wa kuanza, nusu ya ripoti yako "imetengenezwa" mwaka mmoja. Mwaka wa kuondoka kitu ndio wazee wanaoutaka. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akikusanya vitu na kurekodi nyimbo kwa fonografu, Maji Maji ikiwa haijaisha. Mtu wa Masasi akiona 1906 kwenye safu hiyo hahitaji mimi nimwandikie aya.

Mambo ya uchapaji kwa haraka. Kwa picha ya sentimita 8 kwenye karatasi, pikseli 945 kwa upana zinatosha kabisa, kwa hiyo achana na faili za asili zenye uzito wa ajabu, chukua primaryImageSmall kwanza uone. Kwa makumbusho ya V&A ya London, ambao picha zao zinatolewa kwa mfumo wa IIIF, kanuni ya pamoja ya kugawa picha mtandaoni, ukubwa unaandika ndani ya anwani yenyewe: /full/!600,600/0/default.jpg inakupa picha isiyozidi 600 upande wowote bila kupotosha umbo. Nakala ya WhatsApp naitoa kando, picha ndogo. Jina la faili liwe namba ya usajili, lakini ondoa alama ya nukta mbili (:) na nafasi, Windows haizitaki za kwanza na mimi siwezi za pili. Haki za picha ziandikwe chini ya kila picha, si ukurasa wa mwisho, maana CC0 ya Met si sawa na masharti ya British Museum, ambao wanakataza biashara, na karatasi hizi zinakatwa na kugawanwa.

Kenya wamelifanya jambo hili kwa upana kuliko mimi na laptopu yangu. Mradi wa International Inventories ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya ulijenga kanzidata ya vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyoko nje, na waliziomba taasisi zenyewe orodha zao, hawakusubiri kilichopandishwa mtandaoni. Ukianza na tovuti unaanza na kile ambacho mtu aliamua kukipiga picha.

Visanduku vya kijivu sasa vina swali lao peke yao, lilelile la juu likiongezewa WHERE p.faili IS NULL, na matokeo yake yanatoka kama barua badala ya ripoti: namba ya usajili, jina lilivyo kwenye orodha yao, na tunachoomba. Makumbusho nyingi zina picha za kazi za ndani ambazo hazijawahi kuwekwa kwenye tovuti, na kuomba hakugharimu kitu. Rasimu nilimsomea mzee kwa Kiswahili kabla sijaituma kwa Kiingereza na Kijerumani. Aliikubali, ila akataka niongeze mistari miwili: chombo kigeuzwe, na rula iwekwe pembeni yake.