"Get" si "pata" tu

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hukariri kwamba "get" ni kupata, kisha wanakwama kwenye "I got tired". Dawa yake ni kutazama kinachofuata.

Ikifuata nomino, kazi ni nyepesi: "get a job" ni kupata kazi, "get some milk" ni kununua au kuleta maziwa. Pakifuata mahali, maana ni kufika: "get to Mombasa". Ila "home", "here" na "there" hazitaki "to". Sema "get home", usiseme "get to home".

Penye shughuli ni pale kinapofuata kivumishi. Hapo "get" hubeba badiliko, na sisi badiliko hilo tunalo ndani ya kitenzi chenyewe: lowa, choka, kasirika, zeeka. "I got wet" ni nililowa, basi. Mtego uko kwenye -me- na -na-. Nguo zimelowa: "the clothes are wet". Nguo zinalowa, mvua ndiyo kwanza imeanza na bado unaweza kuzikimbilia kambani: "the clothes are getting wet". Vivyo hivyo, giza limeingia ni "it's dark", giza linaingia ni "it's getting dark". Ukiwa hoi kabisa halafu useme "I'm getting tired", usishangae ukiongezewa kazi.

Kuna na lile la kufanyiwa kitu. Ukisema "I cut my hair", msikilizaji huenda akadhani ulishika mkasi mwenyewe. Kama ulikwenda kwa kinyozi, sema "I got my hair cut": kitu kwanza, kitenzi baadaye. "I got cut my hair" haisimami. Ukimtaja fundi, "to" ni lazima: "I got the mechanic to fix it". Kwa "have" na "make" inaondoka: "I had him fix it".

Kwenye vyombo vya usafiri, basi, treni, ndege na pikipiki ni "get on" na "get off". Gari dogo na teksi ni "get in" na "get out". Daladala na matatu huenda na basi, hata zile ambazo ukisimama unagonga kichwa.

Wamarekani nao wana "gotten". Kwao "I've gotten a car" ni nimepata gari, "I've got a car" ni ninalo gari. Uingereza siku hizi hutumia "got" kwa zote mbili, kwa hiyo maana utaipata kwenye mazungumzo.