Kidonge cha Usiku cha Mama Mkubwa

Mama mkubwa wangu, mzaliwa wa Unguja, anaishi mwaka wa tatu sasa katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Leicester, Uingereza, kwa sababu dimenshia, maradhi yanayofifisha kumbukumbu na akili, imemfikisha mahali ambapo haiwezekani tena kumwacha peke yake na jiko. Kiingereza alichokizungumza kwa miaka arobaini kimemtoka karibu chote, kikabaki Kiswahili. Mwaka jana alianza kukataa chakula, akawa analia jioni na kuamka usiku wa manane, na daktari akamwandikia mirtazapini, dawa ya sonona, yaani huzuni nzito iliyo maradhi, inayonywewa wakati wa kulala. Sikupinga. Nilikuwa nimechoka kumwona akilia.

Wiki ya sita nilimkuta saa saba mchana amesinzia kitini, kijiko kimemwangukia mapajani na supu imeshika utando. Siku chache baadaye alianguka akielekea msalani. Sisemi kwamba dawa ndiyo iliyomwangusha, kwa kuwa wenye dimenshia huanguka hata wasiponywa chochote. Lakini dawa za sonona zinajulikana kuongeza hatari ya wazee kuanguka, na baadhi yake huweza kushusha sodiamu, yaani chumvi, katika damu hadi mgonjwa akazidi kuchanganyikiwa. Ndipo nikauliza nililopaswa kuuliza siku ya kwanza: dawa hii inatibu nini hasa, na tutajuaje kama imefaa?

Niliyoyasoma yalinishtua. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu 326 waliokuwa na sonona pamoja na ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina ya dimenshia. Waliopewa setralini, dawa nyingine ya sonona, au mirtazapini hawakupata nafuu zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, ila madhara yaliwapata wao zaidi. Makundi yote matatu yalipata ahueni kiasi, nami naamini kwamba kutembelewa na kuulizwa hali kulichangia. Mwongozo wa kitabibu wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu England, nao unasema dawa hizi zisitolewe kama desturi kwa sonona nyepesi au ya wastani ya mwenye dimenshia ambayo haijawa kali, isipokuwa kwa yule aliyekuwa na maradhi mazito ya akili tangu zamani. Tena si kila anayekaa kimya ana sonona: dimenshia yenyewe humwondolea mtu hamu ya kufanya lolote bila kumtia huzuni.

Hata hivyo sikuomba dawa ikatwe siku hiyo hiyo, na ninamsihi yeyote mwenye mzazi katika hali hii asifanye hivyo. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu wakazi wa nyumba za wazee, ulionyesha kuwa walioachishwa dawa za sonona walikuwa na dalili nyingi za huzuni kuliko walioendelea nazo. Niliomba kikao. Sheria ya mwaka 2005 ya England na Wales inataka uamuzi juu ya mtu asiyeweza kujiamulia ufanywe kwa manufaa yake, na wanaomjali waulizwe maoni. Tulikubaliana na daktari kwamba dawa ipunguzwe kidogo kidogo, huku wauguzi wakiandika kila siku kama amekula, amelala au amelia.

Katika kikao hicho muuguzi mmoja aliniambia kwa unyonge kwamba hawajui mama mkubwa analia nini, kwa sababu hawamwelewi. Jioni ile nikaandika maneno manane kwenye karatasi, nikayagawa kwa silabi ili wayatamke, nikaibandika mlangoni mwa kabati lake: maji, njaa, choo, baridi, na mengine, la mwisho likiwa "unaumwa?" Kesho yake muuguzi alimuuliza hilo la mwisho, naye akaweka mkono gotini, akaukandamiza. Goti lilikuwa limevimba. Kumbe alikuwa na maumivu asiyoweza kuyataja. Sasa hupewa parasetamoli kwa saa maalumu, bila kungojwa aombe, maana haombi.

Dawa ya sonona imekwisha kuachwa, na daftari la wauguzi linaendelea kuandikwa. Ijumaa iliyopita wa zamu ya usiku alinieleza kwamba saa nane alimkuta macho, akamuuliza kama anaumwa, naye akamjibu, "Siumwi mwanangu, njaa tu." Muuguzi huyo alielewa neno "njaa", akamletea mkate na chai ya maziwa.